Mtaji wa Viti vya Matanga

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Homa Bay.

Leo nimeanza rasmi safari ya utajiri. Kampuni ninayo. Cheo ninacho. Kadi zimechapishwa: Austine, Mkurugenzi Mkuu, KitiChap. Bado mtaji tu.

KitiChap ni app. Mtu akifiwa anabonyeza simu, anaagiza viti, tenti na sufuria kubwa, na app inawatangazia watumiaji wote siku na mahali pa mazishi. Huku kwetu hakuna Jumamosi isiyo na matanga, na hakuna matanga ambayo viti vinatosha. Linet analijua hilo. Ana viti mia tatu, pikapu moja na daftari lisilo na jalada. Nilimshauri ajiunge na app. Akaniuliza mimi nina viti vingapi. Nikamwambia kampuni za kisasa hazimiliki viti. Alicheka mpaka akaegemea pikapu.

Acheke tu. Mimi shida yangu ni Mzee Elijah wa Asumbi, baba yake Millicent. Amesema hapokei watu wangu wa posa mpaka niwe na kazi ambayo anaweza kuwaeleza majirani kwa sentensi moja. Mara ya mwisho nilimweleza kwa dakika arobaini. Akasinzia. Na Millicent amechoka kungoja, huu mwaka wa tatu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, basi. Nampenda Millicent. Nikimkosa sijui nitakuwa mtu gani.

Nimesoma kwenye mtandao kwamba mtaji hutafutwa kwa hatua. Kwanza familia. Pili tajiri mmoja mwenye imani nawe. Tatu kampuni kubwa za Nairobi. Wengine huchukua miaka sita. Mimi nimejipa wiki mbili.

Jumanne, 5 Agosti.

Hatua ya kwanza. Nimemwendea Shangazi Phelesia, aliyenilea, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Anayo bahasha ya ayie, ile pesa ya kumpa mama yake Millicent ili akubali. Ameiweka miaka mitatu chini ya godoro. Nikamwomba niitumie kwa muda mfupi tu.

Akauliza kama hiyo app inaanika omena. Haianiki. Akauliza kama inafukuza ndege. Haifukuzi. Akanipa nusu gunia la omena na kuniambia nikiitaja tena ile bahasha atanichapa mbele ya wateja. Nina miaka thelathini na mmoja!

Nimeandika: hatua ya kwanza imekamilika, nusu gunia. Chumba kinanuka. Nchagwa, kijana wa Kegonga anayenitengenezea app, sasa anafanya kazi kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Ijumaa, 8 Agosti. Macalder.

Hatua ya pili. Tajiri nimempata: Bwana Dishon, mwenye mashimo mawili ya dhahabu. Huku mwenye shimo halipi mshahara. Anawalisha wachimbaji, mawe yakitoka wanagawana magunia. Kwa hiyo Dishon hakuniuliza mambo ya soko wala mpango wa biashara. Aliuliza shimo liko wapi. Nikasema ni kompyuta ya Nchagwa. Akauliza wachimbaji ni wangapi. Mmoja. Akauliza anakula kiasi gani.

Tumekubaliana. Atatoa bandali mbili za unga, debe la maharagwe na sukari. Nusu ya kila gunia litakalotoka KitiChap ni lake, na lisipotoka anachukua kompyuta. Nilijaribu kumweleza habari za hisa. Akasema hisa haziwekwi kwenye mizani. Nimetia sahihi.

Jumatatu, 11 Agosti.

Dishon ametuma mlinzi! Anaitwa Willis, ana rungu na tochi. Kazi yake huko shimoni ni kuangalia wachimbaji wasimeze dhahabu. Sasa anakaa nyuma ya Nchagwa kutwa nzima, akitazama vidole vyake. Nchagwa akitoka chooni, anapapaswa mifuko. Nchagwa amesema hakusomea kompyuta ili aje kunuka omena na kupapaswa. Nikamwambia huo ndio ukuaji.

Hatua ya tatu imeiva. Bwana Ongeri wa kampuni moja ya mitaji Nairobi amejibu barua yangu. Anauliza tuna watumiaji wangapi. Tunao arobaini na mmoja, na watatu kati yao ni simu za Nchagwa. Nimeamuru kila nambari iliyomo kwenye simu za watumiaji ihesabiwe kuwa mtumiaji. Jumla: 1,906. Nchagwa alipinga, akasema hao watu wenyewe hawajui kama wamejiunga na kitu chochote. Niliweka nambari ya Ongeri pia, tukawa 1,907.

Ongeri amefurahi. Anakuja Ijumaa kuona kazi.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nchagwa amekwenda kwao kumsaidia mama yake kuvuna mahindi. Wiki ya maisha yangu, naye anavuna mahindi. Ameniachia onyo moja: nisiguse batani ya kijani ya kutuma, hajatenganisha majaribio na kazi halisi.

Willis naye kaanza maneno. Anasema wiki nzima watu wanakula ugali na hakuna kilichotoka, jioni anampigia Dishon kumwambia shimo ni kavu. Kompyuta itakwenda Macalder kesho, Ongeri akiwa njiani! Ikabidi nimwonyeshe kitu.

Nikajaza agizo la mfano. Jina la marehemu. App haikubali nafasi hiyo iwe tupu. Mwezi huu wote kichwani mwangu kuna jina moja tu, nikaliandika: Mzee Elijah. Mahali, Asumbi. Siku, kesho. Viti, mia tatu. Nikabonyeza ile ya kijani. Skrini ikaandika asante.

Willis akauliza kama ndiyo hiyo tu. Nikasema ndiyo hiyo. Tukala maharagwe.

Ijumaa, 15 Agosti. Asumbi.

Yawa. Yawa!

Saa moja asubuhi Linet alinipigia kunipa pole. Akasema viti vyote mia tatu viko Asumbi tangu alfajiri, na kwa kuwa aliyekufa ni mkwe wangu mtarajiwa, atanipunguzia bei. Nikamuuliza mkwe gani. Halafu nikaikumbuka batani.

Ujumbe uliwafikia wote 1,907. Nilihesabu kwa mkono wangu. Mzee Elijah huwasha simu Jumapili tu, kuokoa chaji, kwa hiyo katika eneo lao zima la Rangwe ni yeye peke yake ambaye hakuwa na habari kwamba amefariki.

Nilipofika boma limejaa. Tenti nne. Wanawake wanaingia getini mikono kichwani, wanalia kwa sauti, na Mzee amesimama barazani, mswaki mdomoni. Waliomwona walinyamaza ghafla. Walio nyuma hawakumwona, wakazidisha kilio. Shemeji zake wamekuja na fahali. Fahali mzima! Wakaniuliza fahali wangu yuko wapi, mkwe gani huyu anakuja matangani mikono mitupu. Nikasema yuko njiani.

Millicent aliusoma ujumbe akiwa kazini Rongo, kwenye duka la dawa za mifugo. Amelia njia nzima. Alipomwona baba yake alimkumbatia mpaka mswaki ukaanguka. Kisha akafungua simu tena, akasoma yale maandishi madogo ya chini: umeletewa na KitiChap. Akaanza kunitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya fahali. Naandika wazi, niliona aibu. Uso wake ulikuwa umevimba kwa machozi, na machozi yale niliyaleta mimi.

Saa tano akafika Bwana Ongeri, suti ya kijivu, ujumbe ukiwa umemwelekeza huko. Akatazama umati, tenti, viti vilivyopangwa. Akasema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona app inayoita watu namna hii. Moyo wangu ukaruka! Akatoa kitambaa, akamwinamia mzee aliyekaa kiti cha mbele, akamuuliza kwa upole marehemu alikuwa nani yake. Mzee akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe.

Ongeri akarudisha kitambaa mfukoni. Akauliza viti ni vya nani. Vya Linet. Nani kavileta. Linet. Nani anajua vilivyokwenda na vilivyorudi. Linet akamwonyesha daftari. Wakaingia chini ya tenti wakalisoma ukurasa kwa ukurasa, saa nzima. Mimi niliwapelekea soda.

Fahali amechinjwa, kwa sababu watu wameshakuja na hawawezi kurudi na njaa. Nyama ilikuwa nzuri. Sikupewa.

Jumapili, 17 Agosti.

Wazee wamekaa. Wamesema kifo cha mtu aliye hai si kitu cha kujaribia, na nimepigwa faini ya mbuzi.

Ajabu ni Mzee mwenyewe. Hakukasirika nilivyotarajia. Kumbe Ijumaa alikaa mchana kutwa akiangalia nani kaja na nani kamlilia. Mwenyekiti wa kanisa hakutokea. Leo baada ya misa Mzee amempita bila salamu. Mimi ameniambia kosa ni kosa, lakini nilibaki mpaka kiti cha mwisho kikapakiwa. Atapokea watu wangu tarehe thelathini, nikija na mbuzi na ile kazi ya sentensi moja.

Mengine ni hasara tupu. Nchagwa amerudi, amenisikiliza mpaka mwisho, amechukua kompyuta yake na kurudi Kegonga bila kuniaga. Ugomvi wote na Dishon ameniachia mimi. Willis amebeba unga uliobaki. Ongeri amempa Linet mtaji. Linet! Mtu wa daftari! Ananunua pikapu ya pili na anatafuta mtu wa kupakia viti.

Nimekubali kazi. Faini haijilipi.

Millicent haongei nami, ila amenitumia ujumbe mmoja. Ameniandikia sentensi ya kumwambia baba yake: nafanya kazi ya viti kwa Linet. Ameniagiza niiseme, kisha nifunge mdomo.

Jumamosi, 30 Agosti. Asumbi, nje.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Nasisitiza, vizuri kabisa. Mbuzi alikaguliwa akapita. Nikasema sentensi yangu. Mzee akamgeukia jirani yake Gichana, akairudia neno kwa neno, na Gichana akaelewa mara moja. Millicent akanitazama akatabasamu, mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nilitaka kulia.

Wali ukaliwa. Kuku akaliwa. Ndipo Shangazi Phelesia akaitoa bahasha ya ayie na kuiweka mezani mbele ya Mama Millicent. Kilichobaki ni yeye kunyoosha mkono tu.

Niliitazama ile bahasha. Nene. Miaka mitatu chini ya godoro, na sasa inakwenda chini ya godoro lingine. Inauma!

Nikasimama. Nikamwambia Mama Millicent kwa heshima zote kwamba pesa taslimu huisha, asipokee pesa, apokee asilimia kumi. KitiChap ipo bado, inahitaji tu kompyuta, mtaalamu na viti. Hii bahasha ikiingia leo itakuwa hatua ya nne, ambayo waanzilishi wengi hufa bila kuiona. Nikaichukua mezani ili aone vizuri ninachomaanisha.

Mama Millicent akauliza, mara moja tu, kama namnyang'anya ayie yake. Nikamwambia simnyang'anyi, ninamkuzia. Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Mzee Elijah akaanza kumweleza Gichana kinachoendelea na sentensi ikamshinda. Millicent akainuka, akanitoa bahasha mkononi kidole kwa kidole, akanishika kiwiko, akanisindikiza mpaka nje.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe. Ndani sauti ni nyingi, zinapandana, na ya Millicent iko juu kuliko zote. Huo ni mjadala, na mjadala ni dalili nzuri. Hatua hii huchukua muda, nimesoma. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Wamefunga geti tu.