Ziwa Lililoinamia kwa Wakwe

Ndugu Mpiga Picha,

Pole na kazi. Sisi hapa hatujambo, ila ukuta wa sebuleni haujambo nusu tu, na sababu ni picha yako.

Siku ya harusi ya binti yangu nilikuomba picha ya mandhari: ziwa, miti ya ng'ambo, taswira ya kila kitu majini, na sisi watu tumepangwa ukingoni. Ziwa lilitulia tuli. Wewe ndiye hukutulia. Maji yameteremkia kulia, na kulia ndiko walikosimama wakwe, waliokuja wamejaa basi zima. Kushoto, upande wa bibi harusi, nilikuwa mimi peke yangu, maana shangazi yake alikwenda kutafuta kivuli. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mimi nimesimama mlimani, mkavu, na wao wamepewa ziwa lote. Nilimwoza mwana wao binti, sikumwoza ziwa.

2. Wageni wakiingia hawanisalimu, wanapinda shingo kwanza. Jirani yangu seremala alileta pima maji, akapima msumari, akapima fremu, akapima hata meza. Akasema vyote vimenyooka, kilichopinda ni ziwa. Kisha akanywa chai yangu yote.

3. Miti imewainamia wakwe, na taswira zake majini zimeniinamia mimi. Yaani mti unawaheshimu wao, kivuli chake kinanionea huruma. Sihitaji huruma ya mti.

4. Tangu picha itundikwe, kila kitu kinateremkia huko kwa wakwe. Zilianza nguo za binti, zikafuata sufuria, akafuata paka. Paka, ndugu yangu! Sasa hata shangazi mtu ameanza kusifu hewa ya kule. Nyumba imekuwa kimya na inaniuma, nasema wazi. Zamani nilikuwa nikigombana na redio ya binti yangu. Siku hizi naiwasha mwenyewe ili nipate cha kugombana nacho. Usiniambie ni ndoa, watu wanaoana kila wiki. Ni mteremko.

Basi naomba unyooshe picha. Ikishindikana, wakwe na basi lao warudi ukingoni tusimame upya. Hilo nalo likishindikana, ziwa liinuliwe upande wa kulia, hata kwa matofali.

Nisalimie wote hapo studio, pamoja na yule anayejibu simu kwa kuikata.

Wako, kwa shingo upande,
Baba wa Bibi Harusi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shangazi mtu ameingia na picha mpya. Kumbe alikwishakuja kwako kulalamika. Kweli umelinyoosha ziwa, limekuwa kama meza. Lakini ili linyooke umekata pembeni, na pembeni ndipo nilipokuwa mimi. Nimebaki mkono tu, begani kwa binti yangu. Nakurudishia hii. Ile iliyopinda nitolee nakala ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, nimpelekee mwanangu aitundike kwake.