Mchambuzi wa Sera wa Dirisha Namba Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Natoka masjala, naingia kwenye sera za afya. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye dirisha namba mbili la hospitali hii nikitafuta mafaili ya wagonjwa, na kila anayefika ananiita "wewe". Mfamasia, ambaye kazi yake ni kuhesabu vidonge, barua yake kwa mhariri ilitoka gazetini wiki iliyopita. Mistari tisa! Sasa anaalikwa kwenye vikao vya daktari mkuu na kupewa kiti chenye mto.

Mpango: makala moja nzito, picha yangu juu, jina langu chini. Wizara itasoma, itashtuka, itauliza huyu mtu alikuwa wapi siku zote. Nitaitwa kwenye kamati ya sera. Nimemwambia mke wangu. Ameuliza kama hiyo kamati inaziba paa, maana letu linavuja. Hana maono, lakini nampenda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bila takwimu wewe ni mlalamikaji tu. Ukiwa nazo, ni mchambuzi. Za karibu ni za kwangu mwenyewe, kwa hiyo nimefunga dirisha tangu saa tatu mpaka saa sita nikahesabu mafaili. Foleni ikafika getini. Mzee mmoja akagonga kioo kwa fimbo. Nikamwambia kupitia kwenye tundu kwamba nashughulikia tatizo la foleni, atulie.

Matokeo: kati ya kila mafaili kumi, manne hayaonekani. Manne! Nimefurahi mno. Takwimu tamu namna hii hazipatikani kila siku.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Makala imekamilika. Suluhisho langu: kila mgonjwa akae na faili lake nyumbani. Masjala zifungwe! Sentensi hiyo nilisimama nikaisoma kwa sauti. Mke wangu akauliza taratibu, masjala si ndiko ninakofanya kazi? Nikamweleza kwamba mchambuzi haongozwi na tumbo. Mama mkwe alikuwa pembeni anajikanda goti lake, lile ambalo kwa miaka mitatu halijatibiwa kwa sababu faili lake halionekani. Akasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nani kazungumzia visima? Naona goti limeanza kupanda kichwani.

Mhariri kasema nipunguze nusu. Nimetoa yale maelezo kwamba tuko wawili tu, rafu zimevunjika na mvua inaingia. Takwimu nimeziacha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Imetoka! Ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la magodoro. Picha wameikata, limebaki sikio na kipande cha shavu, lakini ni sikio la kisomi. Chini wameandika: mwandishi ni mchambuzi wa sera za afya. Nimenunua nakala kumi na mbili. Moja nimeibandika dirishani, wagonjwa wasome wakisubiri.

Mfamasia alipita. Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akanishika mkono muda mrefu, akasema hajapata kuona karani jasiri kama mimi. Kumbe husuda imemtoka. Ana utu, yule.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kikao kwa daktari mkuu. Wizara wamempigia simu kuhusu makala! Akauliza ni nani huyu mtaalamu aliyeandika mambo ya hospitali yetu. Nikanyoosha kola, ndipo nikasimama. Akauliza takwimu nimezitoa wapi. Nikasema nimehesabu mwenyewe, kwa mikono yangu.

"Na mafaili hayo anayatunza nani?"

"Mimi, daktari," nikasema, na kwa ajili ya usahihi nikaongeza kwamba ni miaka kumi na moja sasa.

Mfamasia akashikwa na kikohozi, akajificha kwenye leso. Daktari mkuu akasema pendekezo langu ni zuri sana na litaanza kutekelezwa Ijumaa. Wanasera wangapi wanaona sera yao ikitekelezwa ndani ya siku mbili? Nikapewa kiti chenye mto.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Masjala imefungwa. Tumehamisha kila kitu na kugawa mafaili kwa wenyewe. Tuliposogeza meza yangu ikayumba, nikakumbuka kwamba kuna kitu niliwahi kukiweka chini ya mguu wake. Nikainama. Lilikuwa faili la mama mkwe. Ndani, barua ya kumwona daktari wa mifupa, ya miaka mitatu iliyopita.

Nimempelekea. Akalipangusa vumbi, akatazama lile duara la mguu wa meza, akanitazama mimi. Akasema, "Asante, mwanangu." Basi. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu mpaka chai ikanishinda.

Halafu kuna barua yangu mimi. Kuanzia Jumatatu nahamia chumba cha kufulia. Mke wangu hakusema kwamba alinionya. Alisogeza tu ndoo chini ya paa, kwa kelele.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Chumba cha kufulia. Mvuke, mashine mbili, moja mbovu. Msimamizi ni mama mmoja tunayemwita Jenerali. Kanionyesha kukunja shuka: pembe kwa pembe, mdomo umefungwa. Nikakunja. Nikajiambia nimejifunza, nitulie, nile mshahara wangu kwa amani.

Ilipofika saa nne nikagundua jambo. Kati ya kila mashuka kumi yanayoingia hapa, matatu hayarudi wodini. Na hakuna anayehesabu! Nchi nzima imelala! Nikaomba karatasi, Jenerali akaninyima, nikaandika nyuma ya fomu ya sabuni. Hoja ni nyepesi: kila mgonjwa aje na shuka lake. Vyumba vya kufulia vifungwe!

Mfamasia alikuja kuchukua koti lake, nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. Kasema ni nzuri mno, nisibadilishe hata neno moja. Na amejitolea kuipeleka yeye mwenyewe kwa mhariri.