Tarumbeta la Saa Nne

Alhamisi, 5 Septemba
Mjukuu wangu Inken anakuja kesho kuzuru Hamburg na mchumba wake Korbinian, kijana wa milimani, hajawahi kuona meli. Watafikia kwa Gesche, bibi yake mzaa baba. Mimi ndiye mzaa mama, mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Inken kaniambia kwenye simu, kwa Gesche kuna lifti, Bibi, usikasirike. Sikukasirika. Nilikata simu tu.
Krismasi wanarudi, wiki nzima. Watafikia kwa yule atakayewaonyesha mji vizuri zaidi. Wao hawajasema hivyo. Nimesema mimi.

Ijumaa, 6 Septemba
Gesche kawapeleka kwenye ule ukumbi wa muziki wa vioo, watazame bandari kutoka juu. Nilijialika. Gesche akaeleza kama mwenye nyumba, yale maghala, ule mfereji. Nikamwambia Korbinian asimsikilize, huyu kahamia juzi kutoka Bremen. Gesche akasema juzi hiyo ina miaka hamsini na moja. Vijana wakacheka. Walicheka naye, si nami.

Jumamosi, 7 Septemba
Zamu yangu. Nikawapandisha kivuko cha bandarini, kile cha watu wa kazini, si mashua za watalii. Kila mtu na mkate wake wa samaki wa heringi na vitunguu. Gesche akasema, Telse, shusha mkono, shakwe hao, ndege wezi. Nikamjibu nimekula kwenye kivuko hiki kabla yeye hajajua bandari iko upande gani.
Shakwe akabeba heringi nzima. Akaniachia kitunguu.
Gesche akanikatia nusu ya wake. Nikala kwa hasira. Ulikuwa mtamu kuliko wangu, hata hilo limeniuma.

Jumapili, 8 Septemba
Silaha yangu ya mwisho. Mpiga tarumbeta wa mnara wa kanisa letu. Hupiga saa nne asubuhi, akigeukia pande zote nne za mji. Namsikia jikoni nikiosha vikombe, mwaka wa arobaini huu. Gesche anakaa mbali, hasikii kitu. Nikawaamuru wote wawe chini ya mnara saa nne kasoro robo.
Gesche akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba Jumapili hupiga saa sita mchana. Nikamwambia wivu utamuua.
Saa nne. Kimya. Saa nne na robo, shingo zote juu. Korbinian akauliza kwa adabu kama labda huo ndio wimbo wenyewe. Saa tano nikaenda zangu nyumbani, miguu inawaka.
Nikapika na redio ikiwa juu, ndivyo ninavyofanya kila Jumapili. Saa sita na robo mchana Inken kapiga simu, anapayuka kwa furaha. Bibi, amepiga! Pande zote nne! Gesche alitutafutia benchi tungoje. Nikasema mimi sikusikia kitu.

Jumatatu, 9 Septemba
Wameondoka. Stesheni Inken kanikumbatia mimi kwanza. Nilikuwa nimesimama mbele ya Gesche, lakini kwanza ni kwanza.
Krismasi watafikia kwa Gesche. Gesche akanikaribisha nami, eti vitanda vipo. Nikakataa. Halafu nikauliza kipi kiko karibu na cha Inken.
Jirani wa chini nimeshamweleza: Gesche ndiye aliyemnyamazisha yule mpiga tarumbeta. Na Inken nimemwandikia kadi. Jumapili ya kwanza wakirudi, saa nne kamili, wote chini ya mnara. Gesche aache saa yake nyumbani.