Samli ya Mama na Risasi za Byron

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya. Madam Ayoo, mwenye kampuni yetu ya uwindaji hapa Ntinda, ametangaza kwamba anatafuta mkuu wa silaha. Miaka sita nimeshika funguo za sefu ya bunduki. Sita! Nikaliweka sawa shati nikingoja kutajwa. Kumbe na Byron naye anafikiriwa. Byron, aliyemaliza chuo cha Kyambogo juzi tu, anayenawa mikono kabla ya kugusa bunduki na akishaigusa ananawa tena.

Kwangu mimi hili si la cheo tu. Afande Dawudi, baba yake Husnah, amesema wazi kwamba binti yake haolewi na mshika funguo. Wazee wetu wanakwenda kwake Jumapili kuchukua jibu. Nikienda nikiwa mkuu wa silaha, nimeoa. Nikienda na funguo zangu, nitapewa chai nirudi nyumbani.

Kilichompandisha chati Byron ni risasi. Alimshauri Madam anunue za kiwandani, mpya, maboksi kumi, eti kila moja imepimwa kwa mashine. Mashine! Babu wa babu yangu alikuja kutoka Sudani na bunduki begani, hakuna mashine iliyompima. Madam ameamua tushindane Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha: bunduki moja kila mtu, risasi tano tano kutoka boksi jipya. Mwamuzi ni Afande Dawudi mwenyewe, maana ndiye huja kuwafundisha wageni wetu kulenga. Hilo la mwisho limenikata maini.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata njia. Risasi hizo zikionekana mbovu, Byron kwisha. Nikaenda Ggaba alfajiri, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa Lamwaka muuza samaki. Hoja yangu: risasi nzuri zote zina uzito mmoja.

Nikaning'iniza risasi moja. Mshale haukutikisika. Nikaitia mfukoni, nikaning'iniza maboksi yote kumi ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Kilo tano na nusu. Nikaandika. Sijui zilitakiwa kuwa ngapi.

Kisha boksi moja nikaliona jepesi mkononi. Jepesi kabisa! Nikamkimbilia Madam, nikamwambia kiwanda kinatuibia. Akalifungua mbele ya ofisi nzima, akahesabu: kumi na tisa badala ya ishirini. Nilikuwa katikati ya hotuba kuhusu uaminifu wa viwanda Byron aliponiuliza, kwa adabu zake zile, mfukoni mwangu kuna nini.

Madam amenionya. Sefu inanuka samaki wa ngege. Paka wa jirani amehamia mlangoni pake.

Jumatano, 7 Mei

Byron kaniletea chupa ya mafuta ya bunduki. Bure! Akasema bunduki yangu ina vumbi na angependa tushindane kwa haki. Ala! Mtu anayetaka kukushinda akupe mafuta? Nikashukuru huku nikitabasamu. Nyumbani nikayamimina yote kwenye cherehani ya mama. Ikiharibika, nimejua njama yake.

Husnah alipiga simu. Akasema nisibuni kitu, nisafishe bunduki, nipige, nirudi. Ananipenda, lakini hana jicho la vita.

Alhamisi, 8 Mei

Cherehani haijaharibika. Inakimbia kuliko zamani. Bado simwamini.

Leo jioni nimekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa nyumba yetu analijua. Bunduki ya babu wa babu haikukwama hata siku moja, vita vyote alivyopigana. Kwa nini? Aliipaka samli. Bibi alisimulia hivyo, baba alisimulia hivyo, na mimi nimekaa miaka sita na bunduki nane sijawahi kulifikiria! Nimejipiga kofi la kichwa.

Samli ya mama yangu Maimunah inajulikana mtaa mzima. Huitia hiliki na uwatu. Nikamwomba kikombe kimoja, nikasema nina kikohozi. Akanipa viwili.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepaka. Saa nane mchana, joto la kutosha, samli ikaingia kila mahali bila kulazimishwa. Komeo la bunduki linateleza hadi raha. Nikalivuta na kulirudisha mara thelathini. Paka akaingia, akalamba kitako cha mbao, akakataa kutoka. Hata mnyama anajua ubora.

Byron alipita, akavuta pua, akauliza nani anapika wali. Nikamfungia mlango.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika yote, ili ukweli ubaki mahali.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Tulifika uwanjani saa moja asubuhi, baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Afande Dawudi amevaa koti lake la zamani. Byron akapiga wa kwanza. Tano, zote zimelia, zote kwenye duara. Baada ya kila moja akasema asante, sijui anamshukuru nani.

Zamu yangu. Nikavuta komeo. Zito kidogo. Nikalenga. Tk! Haikulia. Afande akaamuru niendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha, tukahesabu dakika nzima, ndipo akaniruhusu kuitoa. Risasi ya pili: tk. Dakika nyingine. Ya tatu: tk. Moyo wangu ukaanza kuimba! Tano zote zikakataa. Nikageuka, nikamwambia Madam kwa sauti ya huzuni kwamba nilisema, vitu vya kiwandani vya siku hizi havina mwenyewe, labda arudishiwe pesa zake na mshauri wake aulizwe vizuri.

Byron akaomba zile zile tano nilizozitoa. Akaziangalia nyuma, akaonyesha jinsi fataki za kuwashia baruti zilivyoguswa na pini kidogo tu, akazitia kwenye bunduki yake. Zikalia. Zote tano. Zote kwenye duara!

Afande Dawudi akachukua bunduki yangu. Akatoa komeo. Ndani kumeganda kitu cha manjano, kizito, kimeshika hadi pini haina nguvu ya kugonga. Akachota kwa kidole, akanusa. Akafumba macho. Akaonja.

"Hii ni samli ya Maimunah," akasema.

Nikamweleza habari ya babu wa babu, kwa kirefu, nikiwa nimesimama wima. Akanisikiliza hadi mwisho. Nampa heshima yake kwa hilo.

"Babu wa babu yako alikuwa Sudani," akasema. "Kule ni joto, samli haigandi. Umeleta na mkate wa kisra, au tuile hivi hivi?"

Madam akacheka hadi akashika mti. Byron hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkuu wa silaha ni yeye.

Jumapili, 11 Mei

Nilitaka kujifanya mgonjwa. Mama akanivalisha kanzu kwa nguvu. Wazee wakasema maneno yao, Afande akanywa chai polepole. Nilikuwa nahesabu maua ya zulia. Nikahisi nampoteza Husnah pale pale, na wallahi nilitaka kulia.

Kumbe mzee ana huruma. Akasema mambo ya cheo basi, ameyaacha. Anachotaka ni kuona bunduki zilizotunzwa na mtu mwenye akili. Ijumaa atakuja kukagua zote nane. Akiziona safi, na zikalia, harusi ipo. Akiona kingine chochote, tusisumbue wazee tena. Nyuma ya pazia nikamsikia Husnah akikohoa. Nadhani lilikuwa onyo.

Jumatano, 14 Mei

Nimejifunza! Mtu asiseme sijifunzi. Kosa halikuwa kwenye wazo la babu, kosa lilikuwa kuganda. Byron kaniachia chupa nyingine ya mafuta ya bunduki mezani, na karatasi: tumia haya, tafadhali. Cherehani ya mama ikafurahi sana.

Mimi nimekwenda kwa Rukiah sokoni, nimenunua lita moja ya mafuta ya simsim, yale ya ufuta. Hayagandi hata kwenye friji, nimejaribu. Bunduki zote nane zinameta, na chumba cha sefu kinanukia vizuri. Paka amemleta mwenzake.

Nimempigia Husnah aanze kuchagua gurbaba, vazi la bibi harusi. Akaniuliza nimetumia mafuta gani. Nikamwambia ni siri ya ukoo. Simu ikakatika. Mtandao wa mtaa huu ni mbovu kabisa.