Zamu za Beberu Ziingie kwenye Kompyuta

Jumatatu, 8 Novemba 2004

Wiki ya ushindi imeanza. Nimenyoa ndevu.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma haya: mimi Laban ni karani wa muda wa kikundi cha mbuzi wa maziwa cha Katelembo. Boma arobaini na sita, beberu mmoja wa kizungu. Jina lake Meja. Hukaa siku tatu kwa kila boma, akishughulika na majike, kisha anapelekwa boma linalofuata. Zamu zake anaziandika Winfred kwenye daftari lenye madoa ya uji. Winfred pia ni karani wa muda. Ofisi ni moja, nyuma ya soko la Machakos, na makarani tuko wawili. Mmoja amezidi.

Ijumaa kamati itamchagua wa kudumu. Mwenyekiti ni Mzee Mutuku, na Mzee Mutuku ndiye baba yake Ndunge. Ameshasema hapokei mbuzi wa ntheo kutoka kwa mtu wa kazi ya muda, na bila mbuzi wa ntheo hakuna posa. Kwa hivyo hesabu ni rahisi. Kompyuta tuliyopewa na kanisa ikionyesha zamu za Meja siku ya Ijumaa, kazi ni yangu. Jumamosi wajomba zangu wanapeleka mbuzi. Nampenda Ndunge sana. Nimeandika hapa kwa sababu kumwambia mwenyewe bado naona haya.

Nimemhakikishia Mzee kwamba imebaki kidogo. Si uongo. Majina yote yamo ndani ya hifadhidata ya MySQL. Ukurasa wa kuyaonyesha nimeuandika kwa PHP mpya kabisa, ya tano. Kilichobaki ni viwili hivyo kuongea.

Haviongei! Nikifungua ukurasa naambiwa mysql_connect haijulikani. Haijulikani vipi na iko ukurasa wa 61 wa kitabu ninachojifunzia?

Jumanne, 9 Novemba

Nimeenda kwa Wanyoike, mwenye saiba ya intaneti karibu na stendi. Nikamweleza shida kana kwamba ni ya rafiki yangu. Akasema rafiki yangu atulie. PHP ya tano inakuja na draiva ya MySQL, ile ya kuviunganisha, ikiwa imezimwa. Afungue faili la php.ini, atafute mstari wa draiva, afute nukta mkato iliyo mbele yake, kisha azime seva na kuiwasha tena. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima.

Nikarudi mbio. Nikafuta nukta mkato. Nikazima, nikawasha. Kosa lile lile.

Labda moja haitoshi. Nikafuta nukta mkato zote za faili zima. Sasa seva yenyewe ikagoma kuwaka. Nimeshinda hadi saa kumi jioni nikizirudisha moja moja. Winfred akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikakataa. Anapeleleza huyo.

Jumatano, 10 Novemba

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nimegundua kiini cha tatizo, yaani kitabu chenyewe. Kinasema niandike kwamba hifadhidata iko "localhost". Localhost ni wapi? Mwandishi ni mtu wa ng'ambo, huenda ni mji wa kwao. Nikaandika machakos. Ikakataa. Nikafikiri, mbuzi hawako Machakos, wako Katelembo. Nikaandika katelembo. Ikakataa.

Nikampigia Wanyoike, bado kwa niaba ya rafiki. Alicheka mpaka akaomba radhi kwa wateja wake. Localhost, akasema, ni jina ambalo kompyuta inajiita yenyewe, kama vile kila mtu anavyojiita mimi. Nikairudisha. Nimemwambia Wanyoike kwamba rafiki yangu atafurahi kusikia.

Mchana Mzee Mutuku akapiga hodi bila taarifa. Bahati nzuri nilikuwa nimejiandaa. Kuna amri ya kuifanya PHP ijieleze yenyewe, ilivyowekwa na mafaili inayosoma. Nilikuwa nimeyachapa maelezo hayo yote na kuyabandika ukutani, kurasa kumi na nne, kwa ajili ya heshima. Mzee akavaa miwani. Akauliza kama hizo ndizo zamu. Nikasema huo ni msingi wa zamu. Akaguna, akasema majike yake mawili hayangoji msingi. Kisha akamwuliza Winfred zamu yake ni lini. Winfred akafungua daftari na kumjibu kabla sijameza mate. Iliniuma sana.

Alhamisi, 11 Novemba

IMEFANYA KAZI!

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nilikuwa ndani ya php.ini kwa mara ya ishirini. Winfred alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai, anasoma ukuta. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuusoma, hata mimi.

"Laban," akasema, "hii karatasi inasema php.ini inasomwa kwa folda ya Windows. Wewe kila siku unaandika kwa ile ya PHP."

Nikamwambia faili ni faili.

"Haya. Lakini ukichimba fanya juu kwa shamba ya jirani, wewe utangoja maji mpaka lini?"

Mambo ya kuchimba matuta ya shamba na kompyuta yanahusiana vipi? Nikangoja aende kununua sukari. Nikafungua folda ya Windows. Lahaula! Php.ini ya pili, nukta mkato imekaa palepale mbele ya draiva kama bibi arusi aliyegoma kutoka. Siku tatu nimekuwa nikirekebisha faili ambalo seva haijawahi kulitupia jicho. Nikafuta. Nikazima, nikawasha.

Majina arobaini na sita! Na Meja, na tarehe zake zote! Machozi yalinilenga, nakiri.

Winfred aliporudi nilimwambia nilikuwa karibu kuangalia huko. Akasema vizuri, akatia sukari. Mzee nilimpigia, nikamwambia nimegundua hitilafu ambayo hata Nairobi hawaijui.

Halafu nikaingiwa na wasiwasi. Winfred sasa anajua mafaili yanakaa wapi. Kesho anaweza kuingia kwenye hifadhidata na kujifanya ni kazi yake, maana haina hata neno la siri. Nikaiwekea. Niliwaza neno ambalo hakuna atakayelikisia, yeye mwenyewe asilani. Nikaweka winfredmjinga. Nikacheka peke yangu hadi nikashikwa na kwikwi. Nikafunga ofisi, nikaenda kuchukua suti kwa dobi.

Ijumaa, 12 Novemba

Kamati nzima ilikuja, watu saba. Na Ndunge, ambaye baba yake alimleta awapikie chai. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani. Alinitazama. Nikabonyeza.

Imekataliwa kuingia.

Safari hii nilijua kosa papo hapo, na hilo ndilo la kusikitisha. Draiva ilikuwa nzima. Hifadhidata pia ilikuwa nzima. Ila hifadhidata ilikuwa na neno la siri, na ukurasa ulikuwa bado unabisha hodi bila neno lolote. Dawa yake ni mstari mmoja tu wa kuandika ndani ya ukurasa. Lakini humo herufi hazifichwi. Unaandika, zinaonekana. Na kiti cha Winfred kilikuwa kimegusana na changu.

Nikasema mashine imechoka. Nikasema ni mambo ya stima. Winfred akainama, akasoma kosa, na nadhani kwa nia njema kabisa akaieleza kamati kwamba mashine inadai neno la siri tu, niliandike na mambo yataendelea. Nikaanza kuugeuza uso wa kompyuta kuelekea ukutani. Mzee akaugeuza tena.

"Andika, kijana," akasema. "Tuone."

Nikaandika. Polepole, herufi baada ya herufi, nikitumaini stima ipotee kweli. Haikupotea. Mzee alisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu. Nikabonyeza, na zamu zote zikatokea zimejipanga safi, hakuna hata moja iliyokosewa. Hakuna aliyezitazama. Ndunge alikuwa anatazama birika.

"Kazi ni nzuri," Winfred akasema taratibu. "Sasa Meja akihama, nani ataingia na hilo neno kubadilisha zamu? Mimi, ama yeye?"

Kura zilikuwa saba kwa sifuri. Karani wa kudumu ni Winfred. Mimi nimepewa kumpeleka beberu boma kwa boma. Wajomba nimewaambia wasubiri.

Jumapili, 14 Novemba

Kumbe Mungu hamwachi mja wake!

Jana nilimpeleka Meja kwa Mzee Mutuku. Alinila mfuko wa shati na kunisukuma mara mbili kwenye mkonge, lakini sikuachia kamba. Mzee aliona yote akiwa mlangoni. Akaniita tukakaa. Akasema makaratasi huja na kuondoka, lakini beberu kuhama hakuishi, na kwa macho yake hiyo ni kazi ya kudumu. Mbuzi wa ntheo atawapokea mwezi ujao, mradi asisikie upuzi mwingine kutoka kwangu hadi hapo. Nikaapa. Ndunge akacheka nyuma ya mlango. Nilijisikia mwepesi mpaka Meja ndiye aliyenivuta kutoka langoni.

Leo baada ya kanisa Winfred ameniomba jambo moja. Nibadilishe neno la siri, maana anaona haya kuliandika, na tena kesho Mzee Mutuku mwenyewe anakuja ofisini afundishwe kuingia na kubadilisha zamu kwa mkono wake. Nimekubali bila kinyongo. Nimebadilisha pande zote mbili, kwenye hifadhidata na kwenye ukurasa, na nikajaribu mara tatu. Inafungua bila wasiwasi. Nani atasema sijifunzi?

Neno jipya ni bora zaidi. Halimtaji Winfred hata kidogo. Nilikumbuka tu nilivyozungushwa wiki nzima kwa ajili ya hao mbuzi wa ntheo, nikaweka mutukukichwangumu.

Hakuna atakayelikisia.