Malazaro Wanakuja: Malalamiko ya Muuza Nyama kwa Mwenye Ukumbi wa Sinema

Ndugu Mwenye Ukumbi,

Salamu kwako na kwa huyo kijana wako anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti. Mimi ni muuza nyama wa hapo mkabala na ukumbi wako. Watu wananiita Lazaro tangu siku ile daktari aliponiandika marehemu, nami nikaamka mochari nikiomba blanketi. Jina hilo nimelibeba kwa heshima, na kanisani nimelitolea ushuhuda mara nyingi.

Sasa umeleta filamu inayodai kwamba Lazaro wa kwenye Biblia alifufuka na kiu ya damu. Haya, walioitengeneza watajibu wenyewe mbinguni. Kosa ni la mtafsiri wako. Alipokosa neno la wale viumbe wenye meno marefu, aliwaita wote malazaro. Malazaro wanakuja! Funga mlango, lazaro huyo! Mtaa mzima umelidaka neno. Kwa hiyo nalalamika:

1. Maini hayanunuliki tena buchani kwangu. Wateja wanauliza ni ya nani.

2. Jumapili nilipopewa kikombe cha Meza ya Bwana, mchungaji hakukiachia. Tukavutana mbele ya waumini. Nilipiga funda la kawaida tu, haki ya Mungu, lakini kwaya nzima ikashika shingo, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

3. Meno yangu nimezaliwa nayo. Sina la kuongeza.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tangu filamu ianze, mke wangu analala amejizungushia mtandio shingoni. Huyu mama ndiye aliyenililia pale mochari mpaka nikaamka, leo ananiogopa ndani ya shuka moja! Nimeumia, ndugu yangu. Usiku nageukia ukutani ili asiyaone meno.

Naomba basi filamu isimamishwe. Ikishindikana, mtafsiri awaite viumbe hao kwa jina lake mwenyewe. Hilo nalo likishindikana, Lazaro aonyeshwe akila mboga za majani. Yakigoma yote, nitaliomba kanisa linizike upya, safari hii kwa utaratibu, na wewe utabeba jeneza upande wa kichwani.

Nisalimie wa nyumbani kwako, mkata tiketi, na hata mtafsiri, ingawa salamu yake naitoa shingo upande.

Wako, niliye hai kabisa,
Lazaro, muuza nyama

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mtandio ni wa mafindofindo! Filamu yenyewe ameshaiona, tena kwa kunificha, na kilichomuudhi ni mwisho wake tu, pale Lazaro anapobaki kuishi milele peke yake. Anauliza kwa nini hakumng'ata na mkewe wakabaki wote. Anasema siku ile mochari, ningeomba, angenipa shingo bila kuuliza. Basi, malalamiko nimeyafuta. Jumamosi tuwekee viti viwili, vya nyuma, kule kwenye giza.