Mgongo wa Malkia

Jumatatu, 4 Machi

Ugomvi wakati wa chai. Kaka wa mke wangu, Mwalimu, kanikuta nimeegemea cherehani nacheza gemu ya kasri kwenye simu. Akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba huo si mchezo bali mtego wa panya: unatupiwa punje, unaila, unarudi kutafuta nyingine. Nikamwambia ni sanaa. Alicheka mpaka chai ikampalia. Akauliza ni sanaa gani ya kufagia ua wa malkia kwa ajili ya nyota, na ua wa kwangu anaufagia mke wangu. Kutoka jikoni mke wangu akaitikia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nadharauliwa na mtu ambaye suruali zake zote nimezipunguza mimi! Atanitambua. Mdogo wao wa mwisho anaolewa Jumamosi na gauni nashona mimi. Kaomba la kawaida. Nitamshonea la malkia wa kwenye gemu, shingo kwa shingo, mkono kwa mkono. Mwalimu akishalisifu mbele ya wageni, ndipo nitamwambia lilikotoka. Kimya kimya. Hata mke hajui.

Jumanne, 5 Machi

Nimekata kitambaa huku simu imeegemezwa kwenye pasi. Mikono mipana kwenye kiwiko, inabana kwenye kifundo. Shingoni majani madogo. Bibi harusi kaja kujaribu upande wa mbele. Kajitazama kwenye kioo, kafuta machozi. Akasema, shemeji, sikujua mikono yako inayaweza haya. Hata mimi sikujua! Nusura nilie naye.

Kisha akajigeuza akauliza nyuma kutakuwaje. Nikasema hiyo ni siri ya fundi.

Ukweli: sijui. Malkia hajawahi kugeuka. Tangu nimfahamu ananitazama usoni tu. Fundi mwingine angebuni mgongo wake mwenyewe akamaliza kazi. Mimi sichakachui kazi ya sanaa.

Jumatano, 6 Machi

Ugunduzi! Ukimwagilia waridi za bustanini, malkia anageuka kidogo. Nimemwagilia asubuhi nzima. Limeonekana sikio. Sikio zuri, lakini halina mshono. Maandishi yakasema malkia amefurahi, endelea. Nikaendelea.

Mteja kaja kuchukua suruali yake, nikamwambia nipo kazini. Na kweli nilikuwa kazini! Mke wangu kauliza mbona cherehani hailii. Nikamjibu nafanya utafiti. Akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyokaa sana.

Alhamisi, 7 Machi

Bega! Bega lote, na chini yake kitu kinaanza, sijui kifungo, sijui pambo. Nikakaza macho. Skrini ikafifia: rudi kesho uone zaidi. Kesho! Na harusi keshokutwa!

Mwerevu hakosi njia. Nikasogeza tarehe ya simu mbele, ili kesho ifike leo. Gemu ikagundua. Malkia hapendi wadanganyifu, ikaandika, na malkia akarudi kunitazama usoni. Bega limekwenda. Sikio limekwenda. Waridi zimenyauka zote.

Bibi harusi akaingia saa hiyo hiyo. Gauni limetundikwa, mbele maridadi, nyuma pini tupu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaniuliza kwa upole kama ukumbini atembee ameegemea ukuta. Swali hilo lilinichoma. Msichana huyu alinipigania nilipokuja kumposa dada yake na wengine wote wakanikataa. Nikamwapia litakuwa tayari. Simu nikaifungia kwenye droo ya nyuzi, nikashika mkasi.

Droo ikatetemeka. Malkia amekukumbuka, fungua upate maji ya bure. Hata mke wangu hajanikumbuka tangu asubuhi! Nikafungua. Ni kwa ajili ya shemeji.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudisha sikio. Nimerudisha bega. Mchana jua la utosi, malkia akageuka mzima mzima! Nilipiga ukelele, wapita njia wakasimama.

Nywele. Nywele tupu, kutoka kichwani mpaka sakafuni. Mgongo mzima umefunikwa. Mchoraji alichoka, akamwaga nywele.

Bado nimeduwaa, mke wangu akaingia. Kaliangalia gauni, kaniangalia mimi, kaitazama simu. Akalitundua gauni na pini zake akavuka barabara. Kaingia kwa Vifungo! Vifungo, fundi ambaye kwa miaka yote nimesema hawezi kushona hata foronya.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi. Mbele ya gauni kazi yangu, nyuma kazi ya Vifungo. Vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa, vimeshuka mstari mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni. Nilitaka ardhi ipasuke. Jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: bibi harusi akishapita, wageni hukaa sherehe nzima wakitazama mgongo wake.

Mwalimu akasema, na meza tatu zikasikia, kwamba mgongo ule ndio sanaa. Mashangazi wakauliza fundi ni nani. Mke wangu akamwonyesha Vifungo, naye akainama kwa adabu. Mnafiki.

Bibi harusi alipopita aliniminya mkono, akanong'ona kwamba mikono ya gauni anaipenda, ila Alhamisi alilia njia nzima kurudi nyumbani. Sikuweza kumtazama. Nikaapa moyoni: gemu basi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mwalimu kalisifu gauni. Gauni limetoka kwenye gemu. Kwa hiyo nimeshinda mimi, kasoro kidogo tu ya nyuma.

Na si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Baba mkwe wa shemeji kavutiwa na mikono ya gauni. Kaja leo mwenyewe, anataka suti kamili kufikia Jumamosi. Nimempa mkono, nimemwambia asiwe na shaka.

Gemu niliifungua ili niifute. Kumbe malkia ana mume! Koti lake usiseme. Kola, mifuko, kila kitu. Tatizo amekaa nyuma ya meza, suruali haionekani. Maandishi yanasema akifurahi atasimama.

Nimeshaanza kufagia ua.